Waya Niliouchomoa Kila Jioni

Kaka yangu Maduhu aliondoka Didia na begi la mgongoni na tochi ya kichwani, akasema anakwenda machimboni upande wa Bulyanhulu, na tangu hapo simu yake haikupatikana tena. Mwaka wa pili mama akanituma nimfuate. Hakusema nimrudishe. Alisema nijue tu kama yupo hai, maana hawezi kumwekea matanga mtu ambaye huenda anakula ugali mahali, na hawezi kumsubiri mtu ambaye ameshafukiwa.

Nilipata kazi ya usafi hukohuko machimboni, kwenye ofisi ya chama cha wachimbaji wadogo. Niliikubali kwa ajili ya kompyuta yao. Ilikuwa ya zamani, ile yenye kioo kinene chenye kisogo, lakini ndani yake alikuwemo kila mchimbaji aliyewahi kujiandikisha pale: picha yake, duara, yaani shimo analochimba, na kama amehama, machimbo aliyohamia.

Mzee Theonest, katibu wetu, alimtafuta kaka siku ileile. Hakuna Maduhu wa Didia. Akaniambia nisishangae, machimboni watu hawajiandikishi kwa jina la nyumbani. Wanaliacha huko ili mikosi ya nyumbani isiwafuate shimoni. Nikamwomba basi tupitie picha. Alikataa. Picha moja ilichukua dakika nzima kufunguka, na watu walikuwa zaidi ya elfu sita. Alisema nisubiri, wakubwa wa chama walioko Geita wanaleta seva, machimbo yote yataunganishwa, na huko mashine zenyewe zinalinganisha sura. Nikaenda nyumbani nikachukua picha ya Maduhu ya darasa la saba, nikaitia kwenye nailoni, nikasubiri miaka mitatu.

Kila jioni nikimaliza kupiga deki nilichomoa waya wa kompyuta ukutani. Huku radi haina utani, ilishaunguza redio ya jirani na mbuzi wake wawili kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyeniagiza. Niliichomoa, nikaifunika na kitenge changu, nikaifungia mlango. Asubuhi Mzee Theonest akiiwasha ilikuwa inauliza kitu kuhusu tarehe, naye anabonyeza palepale pa kuendelea bila kusoma. Mimi nilikuwa naona pembeni kwa chini imeandikwa 2002. Nilidhani ndio mwaka iliotengenezwa.

Fundi Cornel wa kompyuta alikuja mwezi Machi, mwaka wa tatu, kutoka Shinyanga mjini. Akachomeka waya wa mtandao, kitaa cha kijani kikawaka, nikashika ndoo kwa mikono miwili. Seva zikakataa. Alitueleza kwamba seva mpya hazimpokei anayebisha hodi kwa mtindo wa zamani, zinamwona mwizi. Akapiga simu Geita, wakabishana sana, mwishowe wakamfungulia njia. Kesho yake zikakataa tena, safari hii kwa sababu ya tarehe.

"Mzee, mashine yako ipo mwaka 2002," Cornel akasema. "Mimi huko nilikuwa nakojoa kitandani."

Tulicheka wote. Akairekebisha tarehe, na saa nne asubuhi seva zikakubali. Mzee Theonest alimshika mkono fundi akautikisa kama wa mkwe. Cornel akabonyeza orodha zilinganishwe, kila upande uchukue kilicho kipya kutoka kwa mwenzake. Picha zikaanza kupita kwenye kioo, zile ambazo zilikuwa zinachukua dakika nzima, sasa zinapita mbiombio. Nilidhani zinapanda Geita. Nikasimama nyuma ya kiti cha fundi nikizitazama moja moja.

Nikamwona. Kovu la pembe ya ng'ombe juu ya jicho la kushoto, na mashavu yamejaa. Chini palikuwa na jina, lakini mimi nasoma herufi kwa herufi na ile picha haikuningoja.

"Huyo," nikasema. "Kaka fundi, mrudishe huyo."

Cornel alinyoosha kidole kubonyeza, kikabaki hewani. Alikuwa anatazama namba ya chini, ya watu waliobaki kwenye orodha yetu, ambayo ilikuwa inapungua. Akaung'oa waya wa mtandao kwa nguvu. Namba ilikuwa imeshafika sifuri.

Alihangaika mpaka jioni. Alirudisha sura mia mbili hivi, nyingine nusu uso na nusu kijivu. Kaka hakuwemo. Akauliza kama kuna nakala. Mzee Theonest alikuwa na flashi moja, alishampa mwanawe aweke nyimbo. Ndipo Cornel akatueleza polepole. Geita walikuwa wametutengenezea nafasi yetu wiki iliyopita, tupu. Orodha yetu, hata ile iliyohifadhiwa jana yake, ilikuwa na muhuri wa 2002. Mashine zikaona ile tupu ndiyo mpya, zikaifuta yetu ifanane nayo.

"Betri ya ndani ilikufa siku nyingi," akasema. "Lakini mashine ikiachwa kwenye umeme, hata ukiizima, saa yake inatembea. Nani anachomoa waya?"

Mzee Theonest akatazama sakafu.

"Mimi," nikasema. "Kila jioni."

Cornel akaniambia sikujua. Afadhali angenitukana.

Jumapili nilimpigia mama. Nilimwambia Maduhu alipita hapahapa, alikaa kwenye kigoda cha kupigia picha ambacho nimekifuta vumbi miaka mitatu, na alikoelekea kumefutika. Sikumwambia nani amefuta.

"Amekonda?" mama akauliza.

"Hapana, Mayu. Mashavu yamejaa."

Picha hiyo ni ya lini, akauliza. Nikamwambia tarehe zote za mle zilikuwa za uongo. Nikasikia akifukuza kuku wake.

"Sasa matanga tuweke au tusiweke?"