Maneno ya Chini ya Kilima

Jumamosi hiyo Nduta hakufungua duka, na mtaa mzima wa Kondele ukajua. Muuza mitumba wa jirani alivuka barabara mbio kuja kuuliza ni nani amekufa.

"Hakuna mtu amekufa," Nduta alimwambia huku akifunga kamba za viatu vya raba alivyoazima kwa binti yake. "Naenda kutembea."

"Wewe, Mama Gakenia? Kutembea?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Nduta alikuja Kisumu akiwa msichana, amefuatana na mjomba wake aliyeleta viazi kutoka Nyeri, na tangu hapo hakuwahi kwenda mahali pasipo na kitu cha kununua au cha kuuza. Ziwa lenyewe alilijua kwa upande wa soko la samaki tu. Kupanda vilima, kwake, ilikuwa kazi ya mbuzi. Lakini asubuhi hiyo alipanda bodaboda akamwambia mwendeshaji ampeleke kilima cha Got Odundo, kwenye mahandaki ya vita, ambako mumewe Walubengo alikuwa mwongoza wageni hadi alipofariki mwaka uliopita.

Walubengo alikuwa mtu wa maneno machache mno, hata wageni wa nyumbani walidhani amekasirika. Akiingia jioni: "Mama Gakenia, habari ya huku?" Akipakuliwa chakula: "Mama Gakenia, asante." Akishakula anafungulia redio na kusinzia kitini mdomo wazi. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nduta aliungoja huo mshindo miaka yote ya ndoa, na masikio yake yalikuwa mazima. Kumbe bwana mwenyewe hakuwa bubu! Siku ya mazishi, kwao Walubengo huko Kimilili, watu asiowajua walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza jinsi marehemu alivyowachekesha na kuwaliza ndani ya kilima kile. Mhadhiri mmoja kutoka Bondo alisema hajapata kusikia msimulizi kama yule. Nduta, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, aliwasikiliza kama mwanamke anayeambiwa kwamba mumewe alikuwa na nyumba nyingine.

Wala asingeweza kusema hakualikwa. Mara nyingi Walubengo alimwambia, kwa ufupi wake ule ule, "Mama Gakenia, Jumamosi uje uone kazi yangu." Naye alijibu kwamba Jumamosi ndiyo siku ya wateja, labda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wimbo wa nyumba, mpaka mwimbaji mmoja akaondoka. Sasa Nduta alitaka kitu kimoja, na alikitaka kwa njaa iliyomwondolea usingizi: kuyasikia yale maneno mazuri ambayo mumewe aliwagawia wageni, hata kama yangetoka kinywani mwa mtu mwingine. Na nyuma ya njaa hiyo kulikuwa na nyingine aliyoionea haya. Alitaka kujua kama katika maneno hayo yeye naye alikuwamo.

Aliyempokea langoni ni Nasipwondi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya. Nduta alilijua jina hilo, kwa kuwa Walubengo ndiye aliyemfundisha kazi, lakini hawakuwa wameonana. Siku ya mazishi Nasipwondi ndiye aliyeachwa kulinda lango. Nduta hakujitambulisha. Angesema tu yeye ni nani, angepewa pole, kiti na soda, na maneno yote yangepakwa sukari kwa heshima ya mjane. Yeye aliyataka vile vile walivyopewa wengine.

Na alijua atayapata vile vile. Kazi ya pale haikuwa na kitabu. Mwongozaji mpya hutembea nyuma ya mkongwe msimu mzima, anasikiliza, mpaka ayameze maneno yote pamoja na vicheko na vituo vyake, na siku anapoweza kuyarudisha bila kuacha hata kikohozi ndiyo siku anapokabidhiwa tochi. Walubengo alimweleza Nduta jambo hilo jioni moja, na kwa kuwa lilikuwa jambo refu kuliko yote aliyomwambia mwaka huo, alilikumbuka.

Kundi lilikuwa dogo. Kulikuwa na vijana wawili wa chuo, Antony na mchumba wake Dorca, waliopigana picha kabla hata hawajavaa kofia ngumu. Na kulikuwa na Mzee Joginder, Kalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye alikataa kofia kwa kuwa kilemba chake, alisema, kilikuwa kimeshapigana vita vingi.

"Mama, hiyo helmeti iko sawa? Kaza hapa kidogo," Nasipwondi alimwambia Nduta, akamfungia mwenyewe mkanda chini ya kidevu. Kisha wakaingia.

Baridi iliwapokea, na harufu ya popo. Handaki lilikuwa pana kiasi cha kupita gari, kuta zake zimechongwa na kujengewa mawe. Nasipwondi alisimama, akageuka, akafungua mikono.

"Karibuni kwa nyumba ya Mzungu muoga. Wakati wa vita ya Hitler, Mzungu alikuwa na ndege zake za kutua kwa maji, hapo chini Kisumu. Akasikia Mtaliano ako Ethiopia na mabomu. Mzungu akasema, wapi nitaficha petroli yangu? Sasa niwaulize." Akanyamaza. "Mzungu akiogopa, ni nani anachimba?"

"Ni sisi!" akapaza sauti Mzee Joginder, na wote wakacheka, naye akafurahi kama mtoto aliyepata jibu shuleni. "Mimi nakuja mara ya tatu," alimnong'oneza Nduta. "Hiyo najua."

Nduta hakucheka. Alikuwa ameganda pale pale kwa ajili ya ule mnyamazo kabla ya swali. Walubengo alinyamaza hivyo hivyo kabla ya kuuliza chumvi iko wapi. Alikuwa amemsikia mumewe, na ziara ndiyo kwanza imeanza.

Basi akamfuata Nasipwondi kisigino kwa kisigino, hata Antony akakosa nafasi ya kupiga picha. Walipofika chumba kilichokuwa jiko, ukuta wake ukiwa bado mweusi, Nasipwondi alisema, "Mama yangu akiona hii atasema ndiyo jikoni, si ile yenu ya gesi inayopika kama inaogopa chakula." Nduta alimjua huyo mama. Alikuwa mama mkwe wake, na maneno hayo alimwambia yeye, Nduta, jikoni kwake, siku aliponunua gesi! Nasipwondi alikuwa amemeza hadi mama wa mtu. Kwenye ghala la petroli akaeleza jinsi "baiskeli yangu" ilivyokatika mnyororo kwenye mteremko wa Kimilili ikamwingiza kwenye mazishi ya watu asiowajua, akalazimika kuimba. Dorca alicheka mpaka akashika ukuta. Nduta naye alicheka, machozi yakamtoka, kwa kuwa alikuwa ameiona baiskeli hiyo kwa macho yake, ikiwa imetundikwa nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemwambia kwamba ina hadithi.

Waliendelea, na Walubengo akaendelea kutoka kinywani mwa mwanamke yule. Alikuja babu yake, akaja mchungaji aliyeogopa popo, akaja mbuzi wa dada yake. Kila walipogeuka kona Nduta alitega sikio, akisema moyoni kwamba sasa ni zamu yangu, hapa lazima atasema kitu cha mke, mwanamume hawezi kusimulia maisha yake yote akamruka mke. Kona zikapita. Alirukwa. Kulikuwa na nafasi ya baiskeli, ya mbuzi, hata ya popo! Asiyekuwapo na lake halipo, alijiambia, na methali hiyo aliyozoea kuwatupia wateja wanaochelewa sasa ilimrudia mwenyewe.

Katikati ya njia kilima kilikuwa na uwazi mkubwa, ambapo zamani palifungwa bunduki ya kutungulia ndege. Pale waliketi juani kunywa chai ya chupa na mandazi. Ziwa lilitandaa chini yao, gugu maji limefunika ghuba upande mmoja. Nduta hakuwahi kuliona likiwa zima namna hiyo, na akaona uchungu kwamba analiona na wageni.

"Huyu msichana ni mzuri," Mzee Joginder alisema akipuliza chai. "Lakini yule wa kwanza! Walubengo. Ulimjua?"

"Kidogo," Nduta alisema, na neno hilo likamchoma kwa sababu halikuwa uongo. Alizungusha kikombe mkononi. "Alikuwa anasema mambo ya bibi yake?"

Mzee Joginder alifikiri kwa uaminifu, mandazi yakiwa hewani. "Bibi? Hapana. Alisema ya kila mtu. Bibi, hapana. Mimi nilifikiri labda hana."

Hapo Nduta alitaka kurudi nyumbani. Alisimama kabisa, akakung'uta sketi, akamuuliza Nasipwondi kama kuna njia ya mkato ya kushukia barabarani.

"Njia ni moja, Mama. Ni kupitia handaki la mwisho. Si mbali. Umechoka?"

"Sijachoka," Nduta alisema kwa ukali ambao Nasipwondi hakustahili.

Alitembea wa mwisho sasa, hakutega sikio tena. Maneno yalimfikia kwa mbali, naye aliyaacha yapite. Alikuwa anamkasirikia mtu aliye kaburini, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Alimtamani. Huo ndio ukweli wake. Alitamani aingie mlangoni jioni aseme habari ya huku, basi, hata asiongeze lingine.

Handaki la mwisho lilikuwa jembamba, likiishia kwenye chumba cha mviringo kilichochongwa ndani ya mwamba mtupu. Nasipwondi aliwaketisha kwenye mawe, naye akabaki amesimama. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapa ndipo kilima kilianguka. Watu wakafungiwa ndani, taa ikaisha mafuta. Hakuna mtu alijua nani ni mzima. Wakaanza kuitana majina, mwenye anaitwa anaitika. Lakini majina ya walioko ndani yaliisha, na kimya kikarudi kibaya kuliko mwanzo. Sasa mmoja wao akaita mtu wa nyumbani kwake. Wenzake wakamwambia, wewe, huyo hayuko, atakuitikaje? Akasema, najua hatanisikia. Lakini nikimwita, ninajua bado niko na pahali pa kurudi. Basi wote wakaita, kila mtu wake. Waliita mpaka wakachimbuliwa."

Hata Antony alikuwa ameshusha simu.

"Tutazima taa zote," Nasipwondi aliendelea. "Kila mtu ataita jina moja, la mtu hayuko hapa. Ita kwa nguvu, usione haya, hakuna mwenye anakuona. Na hapa hakuna kuitika. Mimi nitaanza."

Taa zikazimika, na giza likawa zito hata Nduta hakuuona mkono wake. Akasikia Nasipwondi anavuta pumzi. Kisha likaja jina, limeitwa kwa kuvutwa mwishoni, kama watu wa Kimilili wanavyoita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Ndutaa!"

Mwamba ukalipokea, ukalizungusha, ukalirudisha.

Nduta alidhani ametambuliwa. Damu ilimpanda usoni, akangoja ile pole na ile soda. Lakini ilikuwa sauti ya Antony iliyouliza kutoka upande wa pili, kwa kunong'ona, "Na Nduta ni nani?"

"Kusema ukweli sijui," Nasipwondi alijibu gizani. "Mwenye alinifundisha alikuwa anaanza na hilo kila siku, hakuna siku aliita lingine. Nafikiri ni mtu wa zamani, wa hiyo vita. Nilimuuliza mara moja. Akasema, wewe ita tu, usibadilishe."

Nduta alijishika kifua. Tangu Gakenia azaliwe, mwanamume yule hakuwa amelitamka jina hilo mbele yake. Nyumbani mke wa mtu ni mama wa mtoto wake. Kumwita kwa jina lake mbele ya watu ni kama kumvua nguo, na Walubengo alikuwa na adabu kuliko wote. Hata wenzake kazini hawakulijua. Alilileta huku chini, akasubiri taa zizimwe, akaliita kwa nguvu zake zote, kila siku ya kazi, na Jumamosi zaidi kwa kuwa wageni ni wengi. Na kila Jumamosi yeye alikuwa Kondele anapimia watu maharagwe.

"Mum!" aliita Dorca, na sauti yake ikatetemeka. Antony akamwita kaka yake. Mzee Joginder akaita, "Kamla!" na hakujisifu tena kwamba ni mara yake ya tatu.

Zamu ikamfikia Nduta. Wote walikuwa wanangoja jina. Alifungua kinywa.

"Niko hapa," alisema. Halafu kwa nguvu zaidi, kama mtu anayeitikia kutoka mbali: "Walubengo! Niko hapa, nimekuja!"

Mtu mmoja alishtuka gizani. Tochi ya Nasipwondi iligonga mwamba lakini haikuwaka. Kilima kilimrudishia Nduta sauti yake mwenyewe, hakikumpa nyingine. Akainamisha kichwa magotini na kulia, kwa sauti, kile kilio ambacho siku ya mazishi, huko Kimilili, kiligoma kutoka.