Barua Pepe za Onyiego

Mokeira alikuwa na duka la vinyago vya mawe katika mji wa Tabaka, na biashara yake karibu yote ilipitia kwenye barua pepe. Wateja wa Uholanzi waliagiza vinyago vya viboko na sahani, wakauliza mzigo umefika wapi, wakalalamika kikivunjika kitu njiani. Humo humo, chini ya maagizo hayo, ndimo zilimokaa barua za marehemu mumewe, Onyiego.

Onyiego alikuwa dereva wa shirika moja huko Juba. Simu za huko zilikuwa za kubahatisha, basi jioni akawa anaandika kwenye kompyuta ya ofisi. Aliandika kama alivyoongea. Ng'ombe amezaa? Nani alihubiri Sabato? Kwa nini mmekata ndizi kabla hazijakomaa? Alirudi nyumbani akiwa na figo mbovu, na hakumaliza mwaka. Binti yao Natasha alikuwa mdogo mno kumkumbuka vizuri. Mokeira alizitunza barua zile kwa ajili yake, ili akishapevuka azisome, amjue baba yake kwa maneno yake mwenyewe.

Mdogo wa Onyiego, Eric, alikuwa na ofisi Keroka. Onyiego ndiye aliyemsomesha. Sasa yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza programu ya kupanga barua pepe za wafanyabiashara, na Jumapili moja akaja nayo Tabaka.

"Mama Natasha, sitaki kukuficha," alisema. "Hili bado ni toleo la majaribio. Hatujaanza kuliuza. Linaweza kukosea."

"Kukosea namna gani?"

"Ndiyo tunatafuta kujua. Afadhali tuweke nakala ya kila kitu kwanza. Diski nimeisahau ofisini, nitaileta wiki ijayo."

Wiki iliyopita Mokeira alikuwa amepoteza agizo kubwa kwa sababu barua ya mteja ilizama kati ya matangazo, akaiona mteja akiwa ameshanunua kwingine. Hilo lilimsukuma. Lakini lililomsukuma zaidi lilikuwa jingine. Siku ya mazishi, mbele ya ukoo mzima, alimshika Eric mkono akasema kwamba huyu sasa ni ndugu yake. Kumwambia asubiri diski kulikuwa kama kumwambia kwamba mkono wake hauaminiki. Akazifikiria barua za Juba. Akajiambia kwamba mtu hawezi kuziharibu barua za kaka yake.

"Wewe si mgeni hapa," alisema. "Iweke leo."

"Una hakika?"

"Iweke, Eric."

Siku za kwanza alifurahi. Maagizo yalijipanga upande mmoja, malalamiko upande mwingine, matangazo hakuyaona tena. Alimsifu Eric kwa kila aliyeingia dukani.

Kisha Natasha akaja kutoka shule na kazi ya kuandika insha juu ya mzazi wake. Alitaka kuandika juu ya Tata, yaani baba yake. Mokeira akaona saa imefika. Atamsomea barua moja, ile ya ng'ombe. Akalitafuta jina la Onyiego. Hakuna. Akatafuta Juba. Hakuna. Akamwambia mtoto akacheze nje, kisha akampigia Eric.

Eric alifika kabla ya jua kuzama. Alikaa mbele ya kompyuta akipekua, Mokeira akiwa amesimama nyuma yake.

"Ile anwani ya Onyiego," alisema hatimaye, "shirika lilikuwa limeshaifunga. Programu iliona barua zimetoka kwa mtu asiyekuwepo. Ikazihesabu barua zake takataka, ikazifuta. Hata kule zinakohifadhiwa zilizofutwa hazipo."

"Iliziita takataka?"

"Ndiyo, shemeji."

Mokeira alikaa juu ya gunia la majani makavu ya kufungia vinyago. Hakumlaumu. Eric alisema waweke nakala kwanza, na ni yeye Mokeira aliyekataa kungoja diski. Alitamani hata Eric amkumbushe hilo, ili apate mtu wa kugombana naye, lakini Eric alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea magotini. Zilikuwa barua za kaka yake pia.

Baada ya hapo Eric hakuonekana Tabaka. Alipigiwa simu, hakushika. Mwishowe Mokeira akaenda mwenyewe Keroka, akamkuta ofisini peke yake.

"Sabato uje nyumbani," alimwambia. "Mtoto ana insha."

Alikuja. Baada ya chakula alikaa uani na Natasha, akamweleza jinsi Tata alivyokuwa akimbeba yeye Eric mgongoni kuvuka mto wakienda shule, na jinsi alivyokuwa akiimba kwaya kwa sauti iliyopotea njia, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Natasha alicheka, akaandika.

Mokeira aliwasikiliza akiwa jikoni. Alijaribu kuikumbuka ile barua ya ng'ombe ilivyoanza. Maana yake aliikumbuka yote. Maneno yenyewe, jinsi Onyiego alivyoyapanga, hayakuja. Akafungulia maji kwenye sufuria ili wasimsikie akilia.