Pale Qabale Aliposhusha Sauti

Gunga wa Kulesa alijiona fundi, na kweli, Garsen nzima hakuna mwingine aliyekuwa na mashine ya kurekodi njia nne, kila sauti na njia yake. Kujua kwingi ndiko kulikomponza.

Qabale alikuja kwake miezi michache baada ya mafuriko ya Elnino kumchukua mumewe. Alitaka kaseti ya wimbo aliokuwa akimwimbia mumewe alipoleta ng'ombe nyumbani, ili mtoto aliye tumboni aje ausikie. Gunga alirekodi makofi njia ya kwanza, ngoma ya pili, sauti ya Qabale ya tatu.

Alipobaki peke yake akisikiliza, akaona kasoro. Kila mwisho wa ubeti Qabale alikuwa amegeukia ukutani, sauti ikazama. Gunga akacheka, akadhani ni woga wa maikrofoni. Akaipitisha njia ya sauti peke yake kwenye kompresa, mashine ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo. Nobu ya kwanza akaishusha ili mashine ianze kubana mapema, ya pili akaizidisha ibane kwa nguvu, ya tatu akaiharakisha isichelewe kushika. Kisha akapandisha yote kwa nobu ya mwisho. Kilichozama kikaelea. Neno lenyewe hakulijua. Kiorma chake kiliishia kwenye salamu. Sauti hiyo mpya akaihamishia njia ya nne, kisha akarekodi njuga njia ya tatu, juu ya sauti ya zamani, ikafutika.

Jumamosi Qabale alikuja na mkwewe, mzee Adano. Gunga akawasha. Ubeti ukaisha, na neno likatoka waziwazi, likajaa chumba mpaka barazani:

"Kalla!"

Qabale akapiga ukelele, akajifunika uso kwa mtandio.

"Zima!" akasema, na Gunga akazima.

Mzee Adano akasimama. "Kwetu mke hataji jina ya bwana yake. Yeye alinong'ona, wewe umepigia watu kelele. Mbele yangu mimi, baba yake!"

Gunga akaisogelea mashine. "Nilidhani ni kasoro, mzee. Nitairudisha ilivyo..." Hapo akakumbuka njuga. Sauti ya zamani haikuwapo tena. "Basi naufuta wimbo wote."

Qabale akashika tumbo.

Gunga alipogusa kitufe, fimbo ya mzee ikamzuia mkono.

"Tangu maji ichukue yeye, watu wote wanasema marehemu, marehemu. Wananionea huruma. Hakuna anataja yeye." Akaketi chini sakafuni. "Rudisha pale."

Gunga akarudisha.

"Kalla!" ikasema mashine.

"Tena," akasema mzee.