Poda Ndani ya Uji

"Mama Truphena, kuna dawa nyingine umekuwa ukitumia?" Daktari Kawsar aliuliza kwa upole.

"Hakuna. Niliacha zote ulizoniambia niache."

Binti yake, Awuor, aliketi kando, macho sakafuni. Mama hakuwa akidanganya. Mdanganyifu alikuwa yeye.

Baridi yabisi ilikuwa imeikunja mikono ya Truphena hata kufunga kifungo akawa hawezi. Ndipo wakasikia habari za majaribio haya ya tiba mpya: unatolewa damu, seli za kinga zinachambuliwa na kufunzwa zisishambulie tena viungo vya mwenyewe, kisha unarudishiwa. Sharti damu isiwe na steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe na maumivu. Lakini kungoja zamu nako ni mateso, na Awuor alichoka kumsikia mama akilia kila akijigeuza kitandani. Akaenda soko la Gikomba kwa muuza mitishamba.

"Siste, hii ni miti tupu," yule jamaa alimwapia. "Mathe ataanza kufua mwenyewe, utaniambia."

Mama hakutaka kabisa habari za waganga. Basi Awuor akawa anaikoroga poda ile kwenye uji wa asubuhi, kimyakimya. Miti ya wapi. Vidole vilinyooka upesi ajabu, na Jumapili Truphena akasimama kanisani pale Shauri Moyo, akainua mikono yote miwili, akashuhudia kwamba Mungu amemgusa. Watu walilia. Awuor naye akapiga makofi, bila haya.

"Damu tuliyokutoa imejaa steroidi," daktari alisema sasa. "Seli hizi hazitufai. Na mtu asiyesema kweli siwezi kumweka kwenye majaribio."

"Mimi si mwongo," Truphena alisema.

Hapo Awuor akashindwa kuvumilia. "Ni mimi, daktari. Nilikuwa namtilia poda kwenye uji."

Daktari akaeleza kwamba poda kama hizo mara nyingi huchanganywa na steroidi, kwamba dawa hiyo haikatwi ghafla, itapunguzwa polepole, na nafasi ile itabidi apewe mgonjwa mwingine. Truphena hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama bintiye.

"Kwa hiyo kanisani nilimsingizia Mungu," akasema.

Asubuhi iliyofuata Awuor alipika uji, akamwekea mama mezani. Truphena alikitazama kikombe, kisha akakisukuma kwa vidole vyake, vilivyokuwa bado vimenyooka, hadi mbele ya bintiye.

"Onja wewe kwanza."