Kipande cha Mwisho cha Sodiamu

Asubuhi nzima mwalimu wa kemia hakutulia kitini. Kabatini kulikuwa na kipande cha mwisho cha sodiamu, alichokuwa amekizamisha kwenye chupa ya mafuta ya taa ili hewa isikiguse.

"Sodiamu ina elektroni moja tu ya nje," aliwaambia wanafunzi, "na haitulii mpaka imtwishe mwenzake. Leo haya maji yatakiona cha mtema kuni!"

Akafungua chupa. Ilikuwa kavu, na kipande kimegeuka cheupe. Akakitia majini, kikayeyuka kimya kimya kama chumvi, bila moto wala mlipuko.

"Elektroni ishachukuliwa na hewa!" alimfokea mtunza maabara. "Nani kamaliza mafuta?"

"Jiko liliishiwa, mwalimu. Na ile chai ulikunywa vikombe viwili."