Mita Mia Nne za Waya

Mama mdogo alikuwa nesi wa zahanati ya kilimani kwa miaka ishirini na tisa. Mgonjwa aliyemuuliza njiani safari imebaki kiasi gani alipewa jibu lile lile: "Pua na mdomo." Aliamini kwamba mchovu akitajiwa umbali wa kweli atakaa chini. Ukoo mzima tulikua na vipimo hivyo.

Mwaka mtandao ulipoletwa kijijini, kamati yake ilikutana darasani, mimi nikiwa karani. Mhandisi aliiita njia ya waya kutoka nguzo kuu hadi zahanati "kilomita ya mwisho".

"Ya mwisho kwako wewe mwenye gari," mama mdogo akamkata. "Mimi ndiko ninakoanzia."

Watu wakacheka.

"Haya mama, nimekoma. Ni mbali kiasi gani?"

"Mbali wapi, mwanangu! Pua na mdomo. Ukitema mate, unafika hayajakauka."

"Tuseme mita mia nne?"

"Hata hazifiki."

Zilikuwa elfu moja mia moja na arobaini. Niliwahi kuzipima kwa kamba. Lakini nimsahihishe mama mdogo mbele ya wageni? Niliandika mia nne.

Alichotaka ni kimoja: daktari wa hospitali kuu atazame picha za vidonda kabla mgonjwa hajateremshwa kwa machela bila sababu.

Waya ulinunuliwa kwa kipimo nilichoandika, ukaishia kwenye kinu cha kusaga nafaka. Mafundi wakakunja ngazi, wakaondoka.

"Karani," mama mdogo aliniita, mimi niliyezoea kuitwa mwanangu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nijikaange kwa mafuta yangu?"

"Ningekukosoaje, mama, mbele za watu?"

"Ungekohoa, basi!"

Kesho yake aliteremka na meza kichwani. Mwenye kinu alimpa kona nyuma ya magunia. Kwa miaka mitano, kila saa nne asubuhi, alimzimia mashine ili daktari asikike, na wenye nafaka wakasubiri na madebe yao.

"Huyo daktari hajui kufupisha?" bibi mmoja alinong'ona.

Waya wa pili ulifika zahanati mwaka aliostaafu mama mdogo. Sasa picha hutumwa kutoka chumba chenye pazia, na hilo ni bora kwa kila kipimo. Hata hivyo, ikifika saa nne, masikio yangu bado huusubiri ule ukimya: vumbi la unga likitua juu ya mafaili, na mama mdogo akimsomea daktari upana wa kidonda, kwa milimita.