Mlima wa Kuanulia Nguo

Daktari alisema baridi ya mlimani ndiyo inayomkaba bibi yangu kifua, na shangazi akasema chumba chake kiko tayari kule bondeni kwenye joto. Bibi hakubishana na mtu. Alitoa sharti moja tu, tena alinitolea mimi mjukuu wake, niliyemaliza chuo na kurudi nyumbani na kamera shingoni.

"Nipe mlima wangu niutundike ukutani, nitakwenda. Bila hivyo, mume wangu, mtanizika hapahapa."

Nilifurahi kuliko ilivyonipasa. Nilikuwa na ndoto ya kuandaa maonyesho ya picha za mlima wetu, kila picha na maneno yake chini, ili sisi tuliozaliwa hapa tuache kuutazama kama ukuta wa jirani. Hii ingekuwa picha ya kwanza.

Nikapanda hadi ukingo wa mashariki kabla jua halijachomoza. Kilele kilikuwa cheupe, anga haina doa. Mpiga picha wa mtaani, tunayemwita Mzee Flashi, ndiye aliyenisafishia picha hiyo katika kibanda chake chenye kioo na kitana kilichofungwa kamba kisiibwe.

"Hii hata benki wangeiweka kwenye kalenda," alisema. Nadhani alinisifu.

Bibi aliiegemeza kwenye birika, akavaa miwani.

"Mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Wetu, Bibi."

"Wetu una bega upande wa kushoto. Huu wako una pembe mbili kama mbuzi. Hebu nisomee hayo maneno."

Nikasoma: "Mfalme wa mawingu, mlinzi wa enzi, usiyetikisika."

"Mfalme? Nimekaa naye umri wangu wote, hajanituma hata maji."

Nikajaribu tena kutoka uwanja wa shule, kisha kutoka darajani, kila mara nikiwahi kabla ya mawingu. Bibi alishukuru na kuziweka picha zangu chini ya sahani. Shangazi akapiga simu kwamba gari litakuja Jumamosi. Bibi hakuwa amekunja hata nguo moja, na nilikuwa nikimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, asubuhi akisingizia moshi. Hapo furaha yangu ikaanza kuingiwa na hofu.

Ijumaa tulifua mablanketi. Nilikuwa nimekaa kizingitini mwa jiko nikifuta lenzi, nikisubiri wingu liondoke, Bibi alipotokea nyuma yangu. Aliutupia mlima jicho kama mtu anayeangalia sufuria iliyo motoni.

"Mume wangu, anua nguo."

"Bibi, jua linawaka."

"Anua nguo."

Lile bega la kushoto lilikuwa limejifunga wingu jembamba, kama kilemba. Niliinuka nimenuna. Kisha nikaona: kamba imekatiza uwanja, blanketi lenye kiraka, mkono wa Bibi tayari uko kwenye kibanio, na nyuma yake bega na wingu lake. Kilele hakikuonekana kabisa. Nikapiga mara moja, nikaitupa kamera kitandani, nikarudi kubeba. Tuligongana mlangoni tukiwa na mizigo ya mablanketi, matone ya kwanza yakigonga bati, tukacheka mpaka akashikilia kifua.

Mvua ilipopungua nikakimbilia kwa Mzee Flashi.

"Kilele kiko wapi?" akauliza. "Umekata kichwa. Mimi nikimkata mteja kichwa harudi tena."

"Safisha tu, Mzee."

Nilipokaa kuandika, maneno makubwa yalikuja yote. Niliyaacha yapite. Yalipokwisha, nikaandika yaliyobaki, nikampelekea Bibi.

Aliitazama sana. Akafuata kamba kwa kidole.

"Hiki kibanio kilichovunjika si nilikwambia ukitupe?"

"Sikukitupa."

"Haya, soma."

"Wingu likifunga bega, anua nguo. Ukimaliza, kaa mlangoni uone mvua inavyoanza kwa majirani."

Akataka nisome tena.

"Hilo la majirani sikukwambia mimi," akasema.

"Hukuniambia. Huwa nakuona."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya nguo yake.

"Niteremshie lile begi juu ya kabati," akasema.

Siku hizi nazunguka mlango kwa mlango, kila nyumba nikiupiga picha mlima kama wenyeji walivyozoea kuuona na kuandika wanachonisimulia. Jana shangazi alinipigia simu.

"Huyu bibi yako hakohoi tena, ila atanitoa roho. Kila akiitazama picha yako huko chumbani, anakuja kuniambia nianue nguo."

"Na mvua inanyesha?"

"Mvua gani? Tangu aje sijaona tone."

"Sasa unafanyaje, Shangazi?"

"Naanua," akasema.